Umesamehewa: Mbona Bado Waishi kama Kibarua?



Tumo katika kipindi cha Majilio, na kama ilivyo desturi ya kila mwaka, foleni kwenye viti vya kitubio zimeanza kurefuka. Watu watokao kazini huteremka kwenye daladala pale Shekilango, wakapitia kanisani kabla ya kwenda nyumbani. Jambo hilo latufurahisha sana. Hata hivyo, katika tafakari ya juma hili tumeona vema tusizungumze juu ya wale wasiokuja kuungama, maana hao tumewasema mara nyingi. Tuzungumze juu ya wale wanaokuja, wanaondolewa dhambi zao, kisha wanarejea nyumbani na mzigo uleule waliokuja nao.

Yanayosemwa katika kitubio hayatoki humo. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kwamba siri ya maungamo haiguswi, na padre hawezi kumfichua mtubuji kwa neno wala kwa namna nyingine yoyote. Kwa hiyo hatutasimulia ungamo la mtu. Tunataja tu yale ambayo waamini wenyewe huyasema peupe, kwenye baraza la ofisi ya parokia, msibani, au baada ya sala ya jumuiya: "Padre, nimekwisha kuungama, lakini moyo haujatulia." Au lile tunalolisikia mara nyingi zaidi siku hizi: "Najua Mungu amenisamehe, ila mimi nimeshindwa kujisamehe."

Neno hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulitazama kwa makini. Washauri wengi hulipenda, na hata wahubiri hulirudia: jisamehe mwenyewe. Sisi tunathubutu kusema kwamba hakuna mwanadamu awezaye kujisamehe, na kwamba Mungu hakutudai jambo hilo hata siku moja. Alichotuomba ni kingine: tupokee.

Tuchukue mfano wa duka la Mangi mtaani kwetu. Mama mmoja amekopa unga, mafuta na sukari tangu mwezi uliopita, na jina lake limo daftarini. Siku moja Mangi, kwa hiari yake, anashika kalamu, anapiga mstari juu ya deni lote, na kumwambia kwamba hadaiwi tena. Kesho yake mama yule anapita uchochoro wa nyuma, apate kulikwepa duka. Keshokutwa anamtuma mtoto. Juma linalofuata anaonekana amesimama mbali, akilihesabu tena deni lisilokuwapo. Je, ni nani anayemtesa? Daftari ni safi. Aliyekuwa na haki ya kudai amenyamaza. Aliyebaki kudai ni mdaiwa mwenyewe.

Mfano huu unatufundisha mambo mawili. Kwanza, mdaiwa hana kalamu ya kufuta deni lake. Kalamu iko mkononi mwa mwenye daftari. Ndiyo maana anayehangaika kujisamehe huchoka bure, kwa kuwa anafanya kazi ambayo si yake. Pili, yule mama hamuumizi yeye mwenyewe peke yake. Anamvunjia heshima Mangi pia, kwa sababu anamchukulia kama mtu ambaye neno lake halina uzito. Vivyo hivyo nasi, tukitoka kwenye kitubio tukasema mioyoni mwetu kwamba dhambi yetu bado iko palepale, tunakuwa tumeipinga hukumu ya Mungu na kuweka ya kwetu juu yake. Tunadhani huo ni unyenyekevu. Kwa kweli ni kiburi kilichovaa kanzu ya unyenyekevu, kwa maana kinasema: huruma ya Mungu yatosha kwa wengine wote, isipokuwa kwangu mimi.

Tuufungue sasa mfano wa mwana mpotevu katika sura ya 15 ya Injili ya Luka. Wengi tunaujua tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza, lakini yako maneno madogo ambayo twayapita upesi. Kijana yule, akiwa bado na nguruwe, alitunga hotuba yake kwa uangalifu. Ilikuwa na sehemu tatu: kwamba amekosa, kwamba hastahili tena kuitwa mwana, na kwamba baba amfanye kama mmoja wa vibarua wake. Alipofika nyumbani alisema sehemu ya kwanza na ya pili. Ya tatu hakuisema. Baba alikwisha kuwageukia watumishi, akaagiza joho, pete na viatu. Ombi la kuwa kibarua halikupata nafasi ya kutamkwa mbele ya baba yule.

Ndugu mpendwa, kibarua ni nani? Sisi tuishio Dar es Salaam twamjua vema. Ni mtu anayelipwa kwa siku, asiye na uhakika wa kesho, anayeweza kuambiwa jioni kwamba asirudi. Wako Wakristo wengi waliovikwa joho na pete katika kitubio, lakini wanaishi katika nyumba ya Baba kama vibarua. Wanasali kwa hofu ya kufukuzwa. Wanajitolea katika kila kamati ili walipe kitu ambacho hakina bei. Siku ya Dominika wanabaki kwenye benchi wakati wenzao wanakwenda kupokea Ekaristi, ingawa hawana dhambi ya mauti isiyoungamwa, kwa sababu tu ya kumbukumbu ya jambo la mwaka 1998. Baba hakuwaajiri. Waliomba kazi ambayo Yeye alikataa kuwapa.

Tofauti ya Petro na Yuda yatuonyesha hatari iliyopo. Huwa twasema kwamba Petro alitubu na Yuda hakutubu. Lakini tusome sura ya 27 ya Injili ya Mathayo bila haraka. Yuda alijuta. Yuda alikiri kwa kinywa chake kwamba ametenda dhambi. Yuda alirudisha vile vipande 30 vya fedha. Majuto yalikuwapo, ungamo lilikuwapo, hata malipizi yalikuwapo! Kilichokosekana ni mlango aliobisha. Alikwenda kuungama kwa watu ambao hawakuwa na huruma ya kumpa, nao wakamjibu kwamba hilo ni shauri lake. Akabaki peke yake na hatia yake, akiwa mshitakiwa, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja, na hakimu wa namna hiyo hutoa adhabu moja tu.

Petro naye alilia kwa uchungu, lakini aliendelea kukaa na wenzake, na Bwana alipoonekana ufukweni alijitupa majini ili amfikie. Mwinjili Yohane ataja moto wa makaa mara mbili: katika sura ya 18, pale Petro alipokuwa akiota moto huku akimkana Bwana, na katika sura ya 21, pale Bwana mfufuka alipomwandalia kifungua kinywa. Kwenye moto huo wa pili Yesu hakumtaka Petro asimulie upya usiku ule. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, na mara tatu akampa kazi ya kuchunga kundi. Msamaha wa Mungu haukufuta kumbukumbu ya Petro. Uliigeuza kuwa mlango wa utume wake.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni ya watu wa Biblia. Basi tutazame karibu zaidi. Tarehe 1 Desemba, mwanzoni mwa Majilio, Kanisa humkumbuka Mwenyeheri Anuarite Nengapeta. Jirani zetu wa Makuburi wameiweka parokia yao chini ya jina lake, na nyimbo za kwaya ya pale zimelivumisha jina hilo nchi nzima. Sista huyu wa Shirika la Jamaa Takatifu, ambaye jina lake la utawa lilikuwa Marie-Clémentine, alizaliwa mwaka 1939 huko Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Wakati wa uasi wa Simba, tarehe 29 Novemba 1964, waasi waliwachukua masista kutoka konventi yao ya Bafwabaka, na safari yao ikaishia Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Kanali Pierre Olombe alitaka kumlazimisha. Sista alikataa. Alipigwa, akachomwa, kisha akapigwa risasi, hali hajatimiza miaka 25. Masista wenzake walishuhudia kwamba, kabla ya kufa, alimwambia kanali yule kwamba amemsamehe.

Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenyeheri mjini Kinshasa. Katika homilia yake Papa alitamka kwamba naye pia, kwa jina la Kanisa zima, anamsamehe aliyemwua. Aliyesema maneno hayo hakuwa mgeni wa jambo hilo: alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981 katika uwanja wa Mtakatifu Petro, na mwezi Desemba mwaka 1983 alimtembelea Mehmet Ali Ağca, aliyempiga, katika gereza la Rebibbia huko Roma.

Kwa kawaida twahubiri juu ya usafi na ushujaa wa Anuarite, na twafanya vema. Leo tunaomba tumtazame yule aliyesimama mbele yake na silaha. Msamaha ulimfikia kabla hajauomba, damu ikiwa bado haijakauka. Miaka zaidi ya 20 baadaye ulitangazwa upya, hadharani, na Khalifa wa Mtume Petro. Yule aliyekosewa alikwisha kufanya sehemu yake yote, na Kanisa likafanya sehemu yake yote. Sehemu iliyosalia ilikuwa ya mtu mmoja, na hakuna sista, askofu wala Papa ambaye angeweza kuifanya kwa niaba yake, yaani kunyoosha mkono na kupokea. Basi, ikiwa Kanisa halikuona damu ya shahidi kuwa ni kizuizi, ni kwa kipimo gani sisi twasema kwamba dhambi yetu imepita kiasi?

Hata hivyo, mchungaji hapaswi kutibu homa zote kwa dawa moja. Hatia zinazotulemea hazifanani, na ni lazima kuzitenganisha.

Iko hatia ya dhambi ambayo bado haijaungamwa. Hii ni kengele, na kengele haizimwi kwa kuziba masikio. Anayeishi katika dhuluma, anayemficha mwenzake wa ndoa nyumba ya pili, anayekula mshahara wa watumishi wake, huyo asitafute amani kabla ya toba. Maumivu yake ni neema. Aje kwenye kitubio.

Iko hatia ya dhambi iliyokwisha kusamehewa, na hiyo ndiyo tunayoilenga leo. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye jina lake limebebwa na shule ya Loyola pale Mabibo, aliteswa nayo vikali mwaka 1522 alipokuwa Manresa, Hispania. Alikuwa amekwisha kuungama dhambi za maisha yake yote, lakini aliziungama tena na tena, akihofu kwamba amesahau kipande, hata akajiwa na wazo la kujiua. Alipona alipotambua kwamba msukumo ule haukutoka kwa Mungu, akaamua kutorudia tena kuungama mambo ya kale. Kanisa latudai kuungama dhambi kubwa ambazo bado hazijaondolewa. Halitudai kuyafukua yaliyokwisha kuzikwa.

Hapa tungependa kusema neno la pekee kwa akina mama waliotoa mimba, maana wengi wao hukaa kimya miaka mingi. Mama Kanisa haiiti dhambi hiyo ndogo. Lakini mwaka 1995, katika waraka wa Evangelium Vitae, namba 99, Papa Yohane Paulo II aliwageukia akina mama hao moja kwa moja, akawasihi wasikate tamaa. Tena katika barua ya kitume Misericordia et Misera ya mwezi Novemba mwaka 2016, hayati Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuiondoa dhambi hiyo, baada ya kuwa alikwisha kuwapa kwa Mwaka wa Huruma. Na mama aliyekwisha kuondolewa dhambi hiyo asijiite muuaji tena. Baba hamwiti hivyo.

Iko pia hatia ambayo haina dhambi ndani yake. Kijana anayefanya kazi hapa Dar es Salaam anapigiwa simu usiku kwamba mama yake huko Bukoba au Songea amezidiwa, naye anafika akiwa amechelewa. Mzazi anadhani ni homa ya kawaida, asubuhi mtoto hayupo. Wanabeba maneno "laiti ningalijua" kama msalaba, lakini si msalaba waliopewa na Bwana. Kutokujua si dhambi. Umaskini wa nauli si dhambi. Hao hawahitaji maondoleo. Wanahitaji kufarijiwa, na kupewa muda wa kulia. Na mtu ambaye hatia inamnyima usingizi na chakula kwa majuma mengi, au inamletea mawazo ya kujidhuru, tunamsihi asiishie kwa padre peke yake. Aende hospitali. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na kumwona daktari si upungufu wa imani.

Sasa yawezekana kuna msomaji anayetushuku kwamba tunaifanya njia kuwa nyepesi mno. Aliyekula fedha za VICOBA aseme tu "nimepokea msamaha" na kuendelea na safari zake? Hasha! Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, yafundisha kwamba maondoleo huiondoa dhambi, lakini hayaponyi madhara yote yaliyoletwa nayo. Mwenye dhambi hana budi kurekebisha anachoweza. Fedha ya watu irudishwe. Jina lililochafuliwa lisafishwe mbele ya wale waliosikia uchafu. Mtoto aliyekanwa atunzwe. Na ikiwa kosa ni la jinai, msamaha wa Mungu hauvunji mahakama.

Zaidi ya hayo, aliyesamehewa na Mungu hana haki ya kumlazimisha aliyemkosea aharakishe. Jeraha la mwenzako lina saa yake. Wewe omba radhi, rudisha ulichochukua, kisha ungoje kwa unyenyekevu.

Lakini tutambue mpangilio wa mambo. Zakayo, katika sura ya 19 ya Luka, hakutoa nusu ya mali yake ili Yesu aingie nyumbani mwake. Yesu aliingia kwanza, ndipo mkono wa Zakayo ukafunguka. Tumeona kwamba mtu anayejihukumu mchana na usiku hurekebisha mambo machache sana. Hana nguvu, zote zimekwisha kwa kujitazama. Aliyeamini kwamba amesamehewa ndiye anayeweza kumtazama aliyemkosea machoni na kumwuliza: nikufanyie nini? Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hawakusema tuyasahau yaliyopita. Walisema tugange, na kuganga ni kazi.

Tena, tujihadhari na wafanyabiashara wa hatia. Mitaa yetu imejaa mabango ya watu wanaoahidi kumfungua mtu kutoka katika mikosi na laana kwa mafuta, maji au chumvi, kila kitu kikiwa na bei yake. Mtu asiyeamini kwamba deni lake limefutwa ni mteja mwema sana kwa mtu wa namna hiyo, maana atalipa leo na kesho atalipa tena. Simoni mchawi wa sura ya 8 ya Matendo ya Mitume alitaka kuinunua karama ya Mungu, na Petro akamkemea. Kanisa letu nalo liliionja aibu ya biashara ya rehema, hata Mtaguso wa Trento ukaipiga marufuku mwaka 1563. Basi tumejifunza kwa gharama kubwa: panapodaiwa fedha ili dhambi iondoke, hapo Kristo hayupo.

Mwisho, neno kwa jumuiya zetu ndogo ndogo. Si haki kumwambia ndugu apokee msamaha wa Mungu iwapo sisi wenyewe tunamwita kwa jina la kosa lake. Yule binti aliyezalia nyumbani ana jina la ubatizo. Yule baba aliyetoka Segerea baada ya kumaliza kifungo chake ana jina la ubatizo. Tukiendelea kunong'ona kila wanapoingia mlangoni, tunakuwa wale makuhani waliomwambia Yuda kwamba ni shauri lake.

Katika siku hizi za Majilio tunawaomba jambo moja jepesi. Utakapoondolewa dhambi zako, usitoke kanisani mara moja. Timiza malipizi uliyopewa, kisha kaa kimya kitambo kidogo mbele ya Tabernakulo na useme "asante". Usirudie kuomba radhi. Ulikwisha kuomba, na ulikwisha kujibiwa. Wazo la zamani likikurudia usiku, usibishane nalo. Sema tena "asante", ulale. Asubuhi, kama kuna mtu unayepaswa kumrudishia kitu, nenda ukamrudishie.

Baba wa huruma awajalie nyote amani itokayo kwake, na Mwenyeheri Anuarite, aliyesamehe kabla ya kuombwa, atuombee tujue kupokea. Tunawatakia Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo!